Fomu Chini ya Kikombe

Puu. Muhuri uligonga meza mara moja, na mwanamke wanayemwita Cherehani akajua kwamba barua yake imekwisha. Hakuiona. Alisikia karatasi ikisukumwa juu ya meza kuelekea kwake, kisha akasikia sauti ya mkuu wa wakati ule, laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. Kuanzia Jumatatu hatakuwa tena mpiga chapa wa mahakama. Kompyuta zimeletwa, na kompyuta zinataka macho.

Miaka kumi na saba imepita, na muhuri ule bado unamgonga kifuani kila anapokasirika. Naye hukasirika. Wanaomjua husema ana hasira za karibu. Yeye husema hasira zake hazijawahi kuwa za karibu. Zimetoka mbali, zimekuja kwa miguu, ndiyo maana zikifika huwa zimechoka na hazitaki mazungumzo.

Surua ilimchukua macho akiwa na miaka saba. Shule ya wasioona ilimpa vitu viwili: nukta za kusoma kwa ncha za vidole, na mashine ya chapa. Nukta alizipenda, lakini mashine aliichukua kama mtu anayechukua kilicho chake. Kwenye mashine hakuna aliyemwuliza kama anaona. Aliajiriwa na mahakama akiwa na miaka ishirini na mbili, kazi yake kusikiliza mashauri yaliyonaswa kwenye kanda na kuyaandika neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha hakimu na kilio cha mjane. Alipiga chapa mfululizo, bila kuinua mkono, na tarishi mmoja mwenye utani akapita mlangoni akauliza nani analeta cherehani mahakamani. Jina likaganda.

Baada ya muhuri ule walimweka kwenye ubao wa simu kwa miaka mitatu. Simu nazo zikapata mashine ya kujijibu zenyewe. Basi wakampa benchi. Mwaka mzima alikaa kwenye benchi la korido, akipokea mshahara kwa kukaa, na hakuna kitu kilichomtesa maishani kama mshahara ule. Watu walipita wakamwambia ana bahati.

Sauti ya kumsomea aliipata kwa bahati tu, akipangusa vumbi. Ofisi ilikuwa imeishiwa fedha za leseni, ikaweka kwenye kompyuta zake mfumo wa programu huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha bila kulipa. Asubuhi moja mfagiaji hakuja, na Cherehani, aliyekuwa amechoka na benchi, akachukua kitambaa akaingia kupangusa meza. Kiganja chake kilikandamiza vitufe vitatu kwa pamoja. Mashine ikasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza bati, “Kisoma-skrini kimewashwa.”

Alikaa sakafuni. Kisha akainuka, akagusa kitufe kimoja, mashine ikakitaja. Akagusa kingine, ikakitaja. Kitu kile, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilikuwa ndani muda wote. Hakikununuliwa wala kuombwa. Kilikuja na mfumo wenyewe kama mlango unavyokuja na nyumba. Mwaka mzima alikuwa amekaa hatua kumi na nne kutoka kwenye mlango huo, na hakuna mtu aliyejua kwamba upo.

Ndani ya miezi miwili alirudi kwenye meza yake. Aliiharakisha sauti ile hadi mtu mwingine angesikia mvumo tu, kama nyigu ndani ya kopo, lakini yeye alisikia kila neno. Ilipokosea matamshi ya Kiswahili aliwaandikia watu wanaoitengeneza, watu asiowajua, wanaofanya kazi ile bure katika saa zao za mapumziko. Walimwonyesha pa kurekebisha. Akarekebisha. Masahihisho yake thelathini na moja yaliingia kwenye toleo la kila mtu, na kipofu yeyote anayeisikia mashine ikisema vizuri neno “ng’ombe” anasikia Jumapili moja ya Cherehani.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka kumi na mitatu, hadi Jumatatu ile.

Jumatatu ile aliketi, akavaa spika zake za masikioni, akabonyeza vitufe vitatu. Kimya. Akabonyeza tena. Feni ya mashine ilizunguka, diski ikakwaruza, mashine ilikuwa hai kabisa, ila haikusema naye. Akadhani spika zimekufa. Akamwomba Jirani, mwanamke wa meza ya pili, ambaye wamekaa pamoja miaka tisa na kuitana shoga, amfungulie kanda yoyote. Kanda ikalia vizuri. Hakimu alikohoa ndani ya masikio yake. Mashine iliweza kukohoa kwa niaba ya hakimu. Maneno yake yenyewe ndiyo ilikuwa imenyang’anywa.

“Shoga, wamefanya nini humu?”

“Fundi alikuja Jumamosi,” Jirani alisema. “Amezisafisha zote. Wanasema zitakuwa nyepesi.”

Fundi wa kompyuta alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye funguo nyingi kiunoni na manukato yaliyomtangulia kwenye ngazi. Cherehani alifuata manukato yale hadi chumba chake.

“Fundi, umeondoa kisoma-skrini.”

“Nimeondoa vitu vingi, dada. Michezo, vikaragosi, vitu ambavyo havitumiki. Mashine zilikuwa zinakufa kwa uzito.”

“Mimi nakitumia.”

“Sasa ungeandika kwenye fomu.”

“Fomu gani?”

Alimsikia akivuta droo, akipekua. “Kila mfanyakazi aliwekewa fomu mezani, wiki mbili zilizopita. Taja programu unazotumia, rudisha kabla ya Ijumaa. Yako haikurudi. Na asiyerudisha tunamhesabu hana anachohitaji. Imeandikwa pale chini.”

“Imeandikwa wapi?”

“Kwenye fomu, dada. Kwa wino mzito kabisa.”

Cherehani aligeuka. Alirudi akiwa ameshika ukuta kwa mkono, jambo ambalo hafanyi, kwa sababu korido ile anaijua kama kinywa chake. Alifika mezani, akainua kikombe chake cha chai, akapapasa. Palikuwa na karatasi. Ilikuwa imejikunja pembeni na kunata katikati, pale kikombe kilipokuwa kikikaa. Alikuwa amehisi kuna karatasi. Mezani kwake karatasi huja na kuondoka. Kwa wiki mbili alikuwa ameitandika hukumu yake chini ya chai.

“Hii nini?”

Jirani alisogeza kiti chake.

“Shoga, nimekuuliza. Hii karatasi ni nini?”

“Ni ile fomu ya kompyuta. Nilidhani umeshasomewa.”

“Na nani?”

“Nilidhani mkuu. Au tarishi aliyeileta.”

“Wewe uliiona hapa kila siku.”

“Niliiona,” Jirani alisema, na sauti yake ikaanza kulowa. “Niliona unaweka kikombe, nikajua umemaliza nayo.”

“Usilie. Ukilia itabidi nikubembeleze wewe, na leo sina nafasi. Soma.”

Jirani akasoma. Ulikuwa mstari mmoja wa maelezo, nafasi kumi za kujaza, na chini kabisa, kwa wino mzito, maneno yale: asiyerudisha fomu atahesabiwa hana mahitaji. Cherehani alicheka kicheko kifupi ambacho hakikumfurahisha mtu. Walikuwa wamemwuliza kipofu, kwa maandishi, kama anahitaji kitu cha kumsomea maandishi. Alipokosa kujibu, wakakiandika kimya chake kama jibu.

Jumatano mkuu alimwita. Mkuu huyu hakuwa yule wa muhuri. Huyu alikuwa na mazulia, na aliwaita wanawake wote mama.

“Mama, nimeambiwa. Ni bahati mbaya, kweli. Nimeshaandika barua makao makuu waruhusu kukirudisha. Barua huchukua muda, unajua.”

“Muda gani?”

“Miezi miwili, mitatu.”

“Na Ijumaa kuna jaribio la wapiga chapa.”

“Ndiyo, jaribio liko palepale.” Mkuu alijisogeza kwenye kiti, ngozi ya kiti ikalalamika. “Anayeshindwa jaribio la mashine zilizosafishwa anahamishwa. Hilo si mimi, ni waraka. Sheria ni moja kwa wote. Lakini mimi nimekufikiria. Nimekuwekea nafasi dawati la maulizo, pale mlangoni. Utaongea na watu. Una sauti nzuri sana, mama.”

“Sauti yangu hamkuiajiri. Mliajiri vidole.”

“Mbona unalichukulia hivyo? Wageni wakiingia wakakuona pale, wataona ofisi yetu inajali.”

“Mnataka wanione,” alisema Cherehani. “Mimi nimekuja kazini kusikia.”

Jioni dada yake mkubwa alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Wanaishi wawili, dada mjane na mdogo wake, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo kila kiti kina mahali pake na mgeni akikisogeza hufokewa. Dada mkubwa ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule, ndiye aliyemkatia nyama sahanini mpaka akafika miaka ishirini, na mkono ule hajajua vizuri namna ya kuuachia.

“Si ukae tu hapo mlangoni,” alisema. “Mshahara ni uleule. Hutachoka vidole. Na hilo libati lako linalobwata kutwa masikioni, kichwa kitapumzika.”

“Dada, nyamaza.”

“Nanyamazaje, na mimi ndiye nakuuguza ukiumwa kichwa?”

“Nilikaa benchini mwaka mzima. Ulikuwa unanipa chakula unaniuliza leo kazini kumekwendaje. Kumekwendaje nini? Nilikuwa nimekaa. Watu wananipita kama ndoo.” Alipiga meza kwa kiganja, sahani zikaruka. “Kitu changu kilikuwemo ndani ya ile mashine. Sikuwaomba. Hakikuwagharimu senti. Mtu amekifuta kwa kubonyeza mara moja, kisha ananiambia andika barua, subiri, shukuru. Nishukuru nini?”

Dada mkubwa aliweka kisu chini. Akauliza kwa sauti nyingine, “Wewe unataka nini hasa?”

“Kiti changu. Basi.”

“Haya. Ijumaa utavaa gauni la bluu. Nitalipiga pasi.”

“Bluu ya nini, mimi silioni.”

“Wao wanaliona. Na mimi nataka walione.”

Alhamisi hakwenda kazini. Alituma salamu kwamba anaumwa, na hakusema uongo. Alikaa chumbani na kompyuta yake kuukuu, yenye mfumo uleule wa ofisini, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: aliizima sauti kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaanza kujifundisha kuirudisha gizani. Kubonyeza hivi kuingia kwenye skrini tupu ya maandishi. Kuandika amri, neno baada ya neno, bila kosa hata moja, kwa maana hapangekuwa na wa kumwambia amekosea. Kusikiliza diski ikwaruze, inyamaze. Kurudi. Vitufe vitatu. Alikifuta kisoma-skrini na kukirudisha, akakifuta tena. Mara ya kwanza alikosea mara nne. Kufika jioni vidole vyake vilikuwa vinajua njia hata akiwaza jambo lingine, na jambo alilokuwa akiliwaza ni fundi, mkuu, Jirani, na yule wa muhuri pia, ambaye alikwisha kufa na bado hajamsamehe.

Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa wapiga chapa kumi na wawili katika ukumbi mmoja. Kanda ya dakika tano, nusu saa ya kuiandika. Mkuu alisimama mbele na saa yake. Fundi alikuwa dirishani, manukato yake yakiwa yameshafika kila pembe.

“Mama, wewe unaweza kusikiliza tu,” mkuu alimnong’oneza. “Tutaandika kwamba ulihudhuria.”

“Anzisha saa yako,” alisema Cherehani.

Saa ikaanza. Vibodi kumi na moja vikapiga. Yeye alibonyeza vitufe vyake, akaingia kwenye skrini tupu, akaandika amri ya kwanza, kisha akainua mkono kama mwanafunzi.

“Fundi. Njoo uweke paswedi yako. Mashine haitanisikiliza bila paswedi ya msimamizi.”

Vibodi vilipungua. Fundi hakutoka dirishani. “Siwezi, dada. Utaratibu hauruhusu mtu mwingine aione.”

“Nitafumba macho.”

Kicheko kilipasuka nyuma ya ukumbi, kikazimwa, kikapasuka tena mahali pengine. Hata mkuu alitoa sauti ya puani. Cherehani hakucheka. Alikuwa amemgeuzia fundi uso wake wote, macho yamefumbwa kweli, na akakaa hivyo, akingoja. Fundi akaja. Alisikia funguo zake zikikaribia, akasikia vidole viwili vikidonoa herufi moja moja.

“Imekataa,” alisema fundi.

“Umekosea.”

“Sijakosea, ni paswedi yangu, naiandika kila siku.” Akadonoa tena. “Imekataa. Ndiyo maana nilisema tusubiri barua.”

“Labda umegusa kitufe cha herufi kubwa. Taa yake inawaka?”

Fundi aliinama juu ya kibodi.

“Inawaka,” alisema.

“Izime. Una macho mawili.”

Akaizima. Akadonoa mara ya tatu, diski ikakwaruza. Cherehani aliusukuma mkono wake pembeni, akaendelea. Hakuna aliyekuwa akiandika tena isipokuwa watu wawili watatu wa nyuma. Aliandika amri ya pili, akaweka sikio karibu na tumbo la mashine. Ilikwaruza, ikapumzika, ikakwaruza tena kwa muda mrefu. Jirani, meza ya pili, alivuta pumzi ya kutaka kusema yanayoonekana kwenye skrini.

“Usinisomee,” Cherehani alisema bila kugeuka.

Jirani akarudisha macho kwenye skrini yake mwenyewe.

Diski ikanyamaza. Cherehani alirudi kwenye skrini ya kazi, akaweka vidole vitatu juu ya vitufe vitatu, akabonyeza.

“Kisoma-skrini kimewashwa.”

Sauti ilitoka kwenye spika ya mashine, wazi, ya bati, mbele ya ukumbi mzima. Wengi wao hawakuwa wameisikia kamwe. Miaka yote ilikuwa ikiishi ndani ya masikio ya mtu mmoja. Yeye akavaa spika zake, akaiharakisha mpaka mvumo, akafungua kanda. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwenda. Alizobakiwa nazo zilikuwa kumi na nane.

Mkuu aliinama. “Mama, nitakuongezea hizo dakika. Ni haki yako.”

“Usiniongezee. Ulisema sheria ni moja.”

Kisha akapiga. Wale ambao hawakujua jina lake lilitoka wapi walijua siku hiyo. Aliandika kesi ya mpaka wa shamba, wakili aliyeingilia kati mara tatu, shahidi aliyeapa kisha akaapa kwamba ameapa. Saa ilipolia alikuwa anaweka nukta ya mwisho. Wawili kati ya wale kumi na mmoja hawakuwa wamefika hata nusu, maana walikuwa wakimtazama.

Mkuu alipiga makofi, na wengine wakafuata. Alisema hilo ndilo jambo alilokuwa akilisema siku zote, kwamba ofisi hii haimwachi mtu nyuma. Akamwita tarishi alete simu yenye kamera nzuri. Akataka fundi asimame kulia kwa mama, yeye mwenyewe kushoto, na kompyuta katikati, ili makao makuu wapate kuona.

Cherehani hakusimama. “Fundi,” alisema, “mlizisafisha mashine ngapi?”

“Zote. Za hapa arobaini. Za matawi mengine sita nitazifuta Jumatatu, nimeshatayarisha.”

“Hutazifuta. Na hizi arobaini utazirudishia kisoma-skrini.”

“Dada, yako nimeelewa. Lakini hao wengine hawakihitaji. Hata mmoja hakukiandika.”

“Uliwauliza kwa karatasi.”

Fundi alimtazama mkuu. Mkuu aliiangalia saa yake, ile aliyoitumia kwenye jaribio. “Mama, leo Ijumaa. Watu wanataka kwenda zao. Umeshapata chako, kiti chako kiko palepale, tena kwa heshima. Mashine arobaini, kila moja dakika kumi. Huoni kwamba…” Akakatiza sentensi yake, akakohoa.

Jirani alikuwa ameshainuka. Alikwenda hadi mashine iliyo karibu na mlango, akaiwasha, akasimama kando yake na mikono nyuma, kama mtu anayelinda foleni. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii hakuna aliyembembeleza.

Cherehani alivua spika masikioni, akazikunja waya taratibu, akaziweka mapajani juu ya gauni la bluu. Tarishi alikuwa bado ameinua simu, hajui apige picha ama ashushe. Ukumbi ulingoja afoke, kwa sababu wanamjua. Fundi naye alingoja, ameshika funguo zake zisilie.

Ilibidi ainame ndipo amsikie.

“Anza na ya mlangoni,” alisema. “Nitakaa hapa mpaka umalize.”